Mahali pa Kuiacha Kazi

Kwa miaka minne nilichonga vinyago kwenye meza tunayolia chakula. Jioni, mchuzi ukianza kunukia, nilizifunga patasi kwenye kitambaa, nikafagia vumbi la mpingo na kukisukuma kinyago chini ya kitanda. Asubuhi nikikitoa, mkono ulikuwa umeshasahau ulipoishia.

Mwaka huu, upepo wa kusi ulipotulia, nikajenga banda nyuma ya nyumba yetu hapa Mikindani. Nguzo sita za mvinje, paa la makuti, na ukuta wa fito upande mmoja tu, kule mchanga unakotokea. Wazee wangetumia boriti za mikoko. Lakini tangu mwaka 2000 mikoko ya Ruvuma imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na samaki tunaowala hukulia kwenye mizizi ile. Mvinje unanitosha.

Nilitarajia kupata nafasi. Nilichopata ni ruhusa ya kunyanyuka na kuiacha kazi kama ilivyo, tezo juu ya gogo, hadi kesho.

Mpingo hautaki haraka. Mti huchukua miaka 70 na zaidi kunenepa vya kutosha, na gogo likikauka upesi hupasuka. Ndiyo maana mafundi huzipaka nta ncha zake na kuliweka kivulini. Gogo langu la kwanza la maana nililisahau uani, jua la saa saba. Niliposikia mlio nilidhani nazi imeanguka. Ufa ulikuwa umepita katikati ya uso wa mwanamke niliyekuwa ndiyo kwanza nimeanza kumwona. Bado naumia nikimkumbuka.

Mzee wa Newala aliyenifundisha kushika tezo hakuwa na banda. Alikaa chini ya mkorosho, gogo amelibana kwa nyayo, mapande meupe ya nje yakiruka hadi weusi wa ndani utokeze. Lakini kivuli kile kilikuwa chake. Watoto walipita mbali, na sisi wanafunzi wake tulimwamkia shikamoo tukiwa tumesimama pembeni, tukaona kila pigo. Hata kwenye uchoraji ilikuwa hivyo: Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kawaida za dukani, na jamaa zake wakajifunza kwa kukaa karibu naye. Kazi iliyofichwa chini ya kitanda haimfundishi mtu.

Binti yangu ana miaka sita. Juzi alisimama mbele ya kinyago kipya, mikono nyuma kama nilivyomwonya.

“Baba, huyu mama mbona hana mikono?”

“Bado imo ndani ya mti, mwanangu.”

Kesho yake, kabla ya shule, nilimkuta bandani na sare yake, amechuchumaa, akiangalia kama imeshatoka.