Jiwe la Kunolea

Mpaka wa vihamba vyetu sisi Wachaga ni masale. Mmea huu una majani marefu membamba, haufi upesi, na kipande chake kikichomekwa ardhini wakati wa mvua hushika mizizi bila kubembelezwa. Ndiyo maana wazee waliutumia kuwa ua baina ya jirani na jirani. Lakini ua unaoota una tabia moja ambayo ukuta wa matofali hauna, nayo ni kutembea.

Isale likifa, au likivunjwa na ng'ombe, unapanda jingine. Shina la zamani bado linazuia jembe, kwa hiyo unachomeka jipya kando yake kidogo. Kando ya upande gani? Kwa zaidi ya miaka thelathini mimi nilichomeka upande wa jirani, tena bila kuwaza. Au niseme, siwezi kuapa kwamba sikuwaza. Mwanadamu ana njia nyingi za kutolijua jambo ambalo kutolijua kunamfaa.

Jirani yangu alikuwa mjane, na hakupata kulalamika. Alipofariki, mwanawe aliyekulia Dar es Salaam kwa mjomba wake alikuja kushika kihamba. Jioni moja alinijia.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi mipaka ya hapa siijui. Mama aliniambia nikikwama nije kwako. Naomba unionyeshe."

Nilimwambia aje kesho kutwa, nikasingizia mgongo.

Jiwe nilijua lilipo. Baba yangu na babu yake walikuwa na jiwe moja la kunolea mapanga, kubwa, lisilobebeka, nalo lilikuwa mpakani hasa, kila mmoja alifikie bila kuomba njia. Sasa lilikuwa ndani ya kihamba changu, hatua tatu kutoka kwenye masale, katikati ya mibuni yangu.

Sheria nayo niliijua, maana nilipata kuwa mjumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji, lile la watu 7, wanawake wasiopungua 3, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kazi yetu ilikuwa kusuluhisha. Humo nilijifunza kwamba, kwa sheria ya mwaka 1971 inayoweka ukomo wa kufungua mashauri, anayedai ardhi ana miaka 12 tu ya kwenda mahakamani. Usiku ule miaka hiyo 12 ilinijia kama mgeni aliyebeba zawadi.

Msomaji asinielewe vibaya, hiyo ni sheria ya busara. Mashahidi hufa, kumbukumbu hufifia, na pasipo ukomo hakuna ambaye angelala usingizi katika nyumba ya babu yake. Lakini iangalie sababu yenyewe: ukweli wa zamani haupatikani tena. Je, kama unapatikana? Kama umelala kitandani, unajigeuza huku na huku? Shahidi wa mpaka ule hakuwa amekufa, alikuwa mimi. Sheria yaweza kumfungia mlango anayedai, ila sioni mahali inapompa ruhusa anayejua aseme hajui. Isitoshe, kijana hakuja kudai kitu. Alikuja kuuliza.

Mke wangu alikuwa na hoja zake. Mibuni ile nimeipanda na kuipalilia mwenyewe. Na mbona mama wa kijana hakusema neno miaka yote? Hiyo ya pili ndiyo iliyonichoma. Mjane angesema nini, na kwa nani, ikiwa wa kushtakiwa ni mwalimu mkuu, naye ndiye anayekaa katika baraza ambalo angelipelekea malalamiko? Ukimya wake niliuhesabu kuwa ni kuridhika.

Kwetu isale lina kazi ya pili. Mkosaji humpelekea aliyemkosea, na aliyeletewa huona vigumu mno kulikataa. Asubuhi ya ahadi nilikata moja, nikamngoja kijana penye jiwe. Nilimweleza yote, hata habari ya mgongo. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha nikamkabidhi isale.

Nadhani mjini hakuna aliyemfundisha mambo hayo, maana alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akaniuliza, "Kwa hiyo hili ndilo la kwanza, Mwalimu? Tulipande wapi?"

Nikamwonyesha.