Mwendo wa Mgeni

Wahenga wameacha methali mbili ambazo hazikai nyumba moja kwa amani. Ya kwanza husema: Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Ya pili husema: Mwacha mila ni mtumwa. Ya kwanza humtaka msafiri afuate desturi ya watu awakutao. Ya pili humwonya asiitupe ile aliyotoka nayo. Katika chakula, mavazi na salamu ugomvi wa methali hizi ni mdogo, maana mgeni akikosea huchekwa, naye hucheka, na jua halichwi kabla kosa halijasahauliwa. Lakini lipo jambo ambalo kosa la mgeni ndani yake halichekeshi, nalo ni kuendesha motokaa katika nchi ya watu. Hapo ugomvi wa methali huwa swali la uhai. Je, mgeni apaswa kwenda kwa mwendo gani: wa sheria iliyoandikwa katika nchi aliyoingia, wa desturi ya wenyeji anaowaona mbele yake, au wa mazoea aliyokuja nayo mguuni mwake?

Yafaa kwanza kujua sheria ya mwendo ni kitu gani. Haikushuka kutoka mbinguni, wala haikuandikwa katika maumbile ya vitu. Mwaka 1865 Uingereza iliamuru kwamba magari ya mvuke yaendayo barabarani yasizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, tena mtu ayatangulie kwa miguu na bendera nyekundu mkononi. Mwaka 1903 nchi hiyo hiyo iliruhusu motokaa maili 20. Mwaka 1930 kikomo cha motokaa ndogo kiliondolewa kabisa. Mwaka 1935 kikawekwa kikomo cha maili 30 penye makazi ya watu. Na mwaka 1965 barabara kuu zilizokuwa hazina kikomo zikapewa maili 70. Taifa lilikuwa lile lile, na kila mara lilidhani limesema neno la busara. Basi mgeni mwenye ubishi aweza kuuliza: ikiwa wenyewe wameibadili hesabu yao mara nyingi hivyo, kwa nini mtu ambaye hakuwapo katika mashauri yao afungwe nayo?

Swali hilo huonekana kuwa na nguvu zaidi mpakani. Mji wa Basel umekaa pale ambapo Uswisi, Ujerumani na Ufaransa zinakutana, na dereva aweza kuzigusa nchi zote tatu kabla chai yake ya asubuhi haijapoa. Upande wa Ujerumani, katika sehemu nyingi za barabara kuu, motokaa ndogo haina kikomo. Lipo shauri tu, lililowekwa mwaka 1978, kwamba kilometa 130 kwa saa zinatosha. Upande wa Uswisi kikomo ni 120. Upande wa Ufaransa ni 130, lakini mvua ikinyesha ni 110. Motokaa ni ile ile, mipira ni ile ile, macho ya dereva ni yale yale. Mtu aliyekuwa raia mwema akienda kilometa 160 huvuka mstari usioonekana akawa mhalifu, bila ya kuongeza mwendo hata kidogo. Ni kitu gani kilichobadilika?

Barabara haikubadilika. Kilichobadilika ni matarajio ya watu walio juu yake. Chukulia mwanamke wa Uswisi anayeingia katika barabara kuu. Hutazama kioo chake, akaona motokaa mbali nyuma, akapima kwa jicho kama nafasi ipo au haipo. Jicho hilo limefundishwa kwa miaka mingi na mwendo wa 120, ambao hula meta 33 kwa kila sekunde. Motokaa inayokwenda 160 hula meta 44. Katika sekunde tatu za kuamua, mgeni amekwisha kuwa karibu naye kwa meta 33 zaidi ya alivyodhani. Macho ya mwanamke yule hayakumdanganya. Aliyemdanganya ni mgeni. Tena udanganyifu huu hausameheki kirahisi, kwa sababu mwendo ukizidishwa mara mbili, njia inayohitajiwa na breki mpaka gari lisimame huzidi mara nne. Kosa dogo la hesabu hulipwa kwa deni kubwa.

Basi kikomo cha mwendo, pamoja na kuwa amri ya serikali, ni ahadi. Watu wasiojuana, wasioweza kusemezana, wanaopitana kwa kufumba na kufumbua, wameahidiana kwamba kila mmoja atakwenda kwa namna ambayo mwingine aweza kuibashiri. Mgeni hakuwapo ahadi ilipofungwa, ni kweli. Lakini hata mwenyeji aliyezaliwa jana hakuwapo. Wote wawili huingia katika ahadi kwa kuingia katika barabara. Desturi ya Waswahili humpa mgeni siku mbili za kustarehe, na siku ya tatu humpa jembe. Barabarani hakuna siku mbili. Mgeni hukabidhiwa jembe saa ile ile anapovuka mpaka.

Ukweli huu waonekana wazi zaidi Rusumo, penye daraja la Mto Kagera baina ya Tanzania na Rwanda. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hufika hapo yakiwa yamekwenda mkono wa kushoto safari nzima. Ng'ambo ya mto hayana budi kushika mkono wa kulia. Mtoto wa Tanzania anapotaka kuvuka barabara hufundishwa kutazama kulia kwanza. Mwenzake wa Rwanda hutazama kushoto kwanza. Shingo za watoto hao zina elimu ambayo kitabu cha sheria hakiwezi kuifuta. Dereva anayejisahau akarudia mkono wa kwao humjia mtoto kutoka upande ambao shingo yake haikufundishwa kuuogopa. Hapo hakuna anayeweza kusema kwamba mila ya kwao ni bora kuliko ya wenyeji. Kushoto si bora kuliko kulia. Kilicho bora ni kwamba wote washike mkono mmoja.

Zaidi ya mkono na mwendo, kila nchi ina lugha ya barabara isiyofundishwa shuleni. Katika Afrika ya Mashariki dereva wa lori aliye mbele huonyesha taa ya kulia kumwambia wa nyuma asimpite, na taa ya kushoto kumwambia kuwa njia ni nyeupe. Matawi ya miti yaliyolazwa barabarani si takataka. Ni habari kwamba mbele, pengine nyuma ya kona, gari limeharibika. Mgeni kutoka Ulaya asiyeijua lugha hiyo huyakanyaga matawi akaenda zake, mpaka aone lori limeziba njia. Vivyo hivyo Mwafrika aliyeko Ulaya hukuta taa zinazomulika na kuzimika. Uingereza mwenye kumulika mara nyingi huwa amesema, Pita wewe. Ujerumani anayemulika kutoka nyuma husema, Nipishe mimi. Mtu akifasiri neno la adabu kuwa ni amri, au amri kuwa ni adabu, lugha imemponza.

Mpaka hapa jibu ni jepesi: mgeni afuate sheria ya wenyeji. Ugumu huanza pale wenyeji wenyewe wasipoifuata. Kibao chasema 80, na kila mtu anakwenda 100. Mgeni anayeshika 80 hupigiwa honi, huonyeshwa ngumi, hupitwa penye kona. Methali ya wenye chongo humnong'oneza afumbe jicho naye. Je, afumbe?

Wapo wasemao kuwa desturi ya watu wengi ndiyo sheria ya kweli, na kibao ni wino tu. Hoja hii ina sehemu ya haki, maana imekwisha kuelezwa kuwa usalama umo katika kubashiriana, na mtu anayekwenda tofauti na wote habashiriki. Lakini imesahau jambo moja kubwa. Mwenyeji anayevunja kikomo ana mambo mawili: ana mwendo, na ana ujuzi. Anajua kwamba baada ya mwembe ule pana shimo. Anajua saa ya watoto kutoka shule. Anajua siku ya gulio na mahali ambapo ng'ombe huvuka kwenda kunywa maji. Hutenda kosa, lakini hulitenda nyumbani mwake, ambamo aweza kutembea gizani asijikwae. Mgeni anayemwiga huchukua mwendo wake, wala hawezi kuuchukua ujuzi wake. Ameazima kisu bila ala. Kwa hiyo kosa ambalo kwa mwenyeji ni kubwa, kwa mgeni ni kubwa mara mbili.

Hata hivyo, mgeni anayeshika kikomo hapewi ruhusa ya kuwa na kiburi. Yupo dereva ambaye huijua hesabu ya sheria mpaka tarakimu ya mwisho, akajiweka katikati ya barabara, na foleni ya magari nyuma yake ikawa ndefu kama ya arusi, naye akaona fahari kuwa anawafundisha wenyeji adabu ya nchi yao. Huyo ameshika sheria, ameacha uungwana. Mgeni hakutumwa kuwa askari wa watu. Njia ya haki ni nyembamba lakini ipo: mwendo uwe wa sheria, adabu iwe ya wenyeji. Akae upande wa wanaokwenda polepole, awapishe wenye haraka mahali penye nafasi, asiongeze mwendo kwa kusukumwa, wala asimzuie mtu kwa kutaka kushinda. Atafika nyuma ya wenzake kwa dakika chache, na dakika hizo ni kodi ndogo ya ugeni.

Lipo pia jaribu la kutokuonekana. Mgeni hujua kuwa kesho hayupo. Kamera yaweza kukipiga picha kibao cha namba yake, lakini barua ya faini itamfuata wapi? Nchi za Umoja wa Ulaya ziliona udhaifu huu, na mwaka 1935 ungekuwa mbali mno kuuwaza. Mwaka 2015 zilipitisha sheria ya kupashana habari za wenye motokaa zilizokosea nje ya nchi zao. Finland nayo hupima faini ya mwendo mkali sana kwa pato la mkosaji, ili tajiri asiinunue barabara kwa fedha ndogo. Hatua hizo ni njema, lakini hazifiki kila mahali, na hapo zisipofika ndipo mtu anapopimwa. Muungwana ni kitendo. Na kitendo kinachomthibitisha ni kile anachokifanya penye watu wasiomjua jina, na ambao hatawaona tena.

Yaweza kudhaniwa kuwa siku ya hatari kuliko zote ni siku ya kwanza ya ugeni. Habari za Uswidi zafundisha vingine. Nchi hiyo ilikuwa ikienda mkono wa kushoto, hali majirani zake walikwenda wa kulia. Mwaka 1955 wananchi waliulizwa kwa kura, na watu wapatao 83 katika kila 100 wakakataa kubadili. Serikali ilibadili hata hivyo, na tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja alfajiri, taifa zima lilihamia mkono wa kulia. Asubuhi hiyo kila Mswidi alikuwa mgeni katika mtaa wake mwenyewe. Vikomo vya mwendo vilipunguzwa, na watu waliendesha kama wanaobeba mayai. Maafa yaliyoogopwa hayakutokea, ajali zilipungua. Lakini kwa kadiri watu walivyozoea, hesabu ya ajali ilipanda tena taratibu, ikarudi ilikokuwa. Woga wa ugeni ulikuwa ulinzi wao. Mazoea yaliuondoa mlango bawabu wake.

Fundisho hili lamhusu kila msafiri. Hatari kubwa haimngoji Rusumo penye vibao na askari, ambapo macho yake yako wazi na mikono yake imeshika usukani kwa nguvu. Humngoja siku ya tano, asubuhi tulivu, atokapo kituo cha mafuta penye barabara tupu, na mkono wake ukachagua upande bila ya kumwuliza. Tena humngoja siku ya kurudi kwao. Mtu aliyezoea kwa majuma mawili kwenda 130 katika barabara kuu za Ulaya huona kilometa 50 za kijiji cha kwao kuwa ni mwendo wa kinyonga. Kijiji hakikubadilika: mbuzi ni wale wale, watoto ni wale wale. Yeye ndiye aliyerudi mgeni asijijue kuwa mgeni, kwa hiyo hana hata ule woga uliomlinda alipokuwa mbali.

Sasa methali mbili zaweza kupatanishwa. Ile ya wenye chongo husema mtu afumbe jicho, haisemi alitoboe. Kufumba ni kujizuia kwa muda, kwa heshima ya walioko. Kutoboa ni kupofuka pamoja nao. Mgeni afumbe jicho la mazoea ya kwao, la mkono wa kwao na la mwendo wa kwao. Lile la pili, ambalo huona kuwa anayevuka barabara ni mtoto wa mtu, aliache wazi. Jicho hilo ndilo mila ambayo mwenye kuiacha huwa mtumwa, nayo haina mpaka wa nchi.