Mpaka na Ujirani

Mpaka huchorwa katika karatasi, lakini maisha hufuata njia, maji na soko. Mwaka 2012 Kenya iligawanywa upya katika wadi 1,450. Mjini Nairobi, Huruma, Ngei na Kiamaiko, mitaa iliyoshikana kama vidole vya mkono mmoja, ni wadi tatu za eneo bunge la Mathare. Katiba ya mwaka 2010 hutaka hesabu za watu zikaribiane, kura ya mtu isipungue uzito mbele ya kura ya mwenzake; lakini mjini huruhusu tofauti ya hadi asilimia 40, ili masilahi ya pamoja, historia na utamaduni viangaliwe.

Msomaji, umoja wa asili ni upi? Kama ni damu, Huruma hauko, maana ngazi moja ya ghorofa hupandwa na watu wa makabila mengi. Kama ni haja, uko tele: mtaro ukiziba, uvundo hauchagui kabila. Wazee walisema, afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Mpaka ufuatao damu hufuga chuki. Mpaka ufuatao haja hulea wajibu. Basi siku utakayopewa kalamu ya kuchora, usiulize nani wa ukoo wetu. Uliza nani hutumia mtaro mmoja nasi.