Kadari na Punje ya Karanga

"Mungu ndiye aliyetaka," alisema bibi wa mtoto, na mama mtu akainamisha kichwa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na neno hilo nalisikia mara nyingi. Mjukuu wake wa miaka miwili alipaliwa na karanga kwenye khitma. Alikohoa hadi midomo ikawa ya buluu, kisha akatulia, na watu wakasema alhamdulillahi.

Utulivu ule ndio uliomponza. Njia ya hewa huzoea kilichoingia na kikohozi hupungua, lakini karanga imo. Mara nyingi huteremkia upande wa kulia, ambako njia ni pana na imenyooka zaidi. Huko hulowa, huvimba, na mafuta yake huichubua nyama ya ndani hadi usaha ujikusanye. Eksirei haiioni karanga. Kwa wiki kadhaa mtoto alitibiwa nimonia. Anapata nafuu, homa inarudi. Alipofika kwetu, sehemu ya pafu ilikuwa imesinyaa.

Mimi ni Mwislamu, na kuamini kadari ni nguzo ya imani yangu. Siibishii. Ninachobishia ni mahali tunapoiweka. Masheikh walionisomesha walisema kadari hutajwa mbele ya msiba uliokwisha kutokea, ili moyo usipasuke. Haitajwi mbele ya wajibu ambao bado unatungoja. Nabii Yakubu aliwaamuru wanawe waingie mjini kwa milango mbalimbali, huku akikiri kwamba hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Aliamini, na tahadhari akaichukua.

Ndivyo ilivyo hata kwenye tiba. Mwaka 1897, huko Freiburg, Ujerumani, daktari Gustav Killian alipitisha mrija mdomoni mwa mkulima akautoa mfupa uliokwama kwenye njia yake ya hewa. Je, mwaka mmoja nyuma Mungu alitaka wagonjwa kama yule wafe? Siwezi kuamini hivyo. Rehema ilikuwepo, ilingoja mkono wa mtu.

Basi yule mama asilaumiwe. Kwake kadari ni faraja ya haki. Sisi wengine haituondolei wajibu: mtoto asiyefika miaka minne asipewe karanga nzima, zisagwe. Na akipaliwa kisha akatulia, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, mkamwambie daktari alikuwa anakula nini.