Ni Woga Tu, Shosho

Tunaishi orofa ya nne na ploti yetu haina lifti. Shosho alipohamia kwetu kutoka mashambani, ngazi hizo ndizo zilizotugombanisha. Alikuwa amepika kwa kuni tangu utotoni, katika jiko lisilo na dirisha, na daktari alimwambia moshi wa miaka yote hiyo ndio uliomharibia mapafu. Ugonjwa wenyewe hauponi. Unatunzwa tu.

Mimi nilikuwa nimegundua kitu. Akipanda peke yake, anasimama kila orofa, kashika ukuta, mabega juu, jasho linamtoka. Akipanda na mtoto wa jirani anayemsimulia vituko vya shule, anafika orofa ya tatu bila kusimama hata mara moja. Na kliniki walipomvalisha kile kimashine cha kidoleni, kilisoma asilimia 95. Nikajiona nimeshinda kesi. Siku moja pale kwenye ngazi nikamwambia, "Ni woga tu, Shosho."

Alipumua kwanza. Ilichukua muda. Kisha akasema, "Sawa, mjukuu wangu. Lakini huo woga unamkaba nani?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo swali hilo limenikalia. Tukisema shida ya mtu iko kichwani mwake, tunamaanisha nini hasa? Mara nyingi, tukubali tu, tunamaanisha haituhusu. Mguu uliovunjika unatudai: tubebe, tusubiri, tulipe. Shida ya kichwani tunamrudishia mwenyewe ajitatulie.

Nikaanza kusoma. Kumbe mapafu ya aina hii hupata taabu zaidi kutoa hewa kuliko kuivuta, kwa sababu njia zake zimekuwa nyembamba na hujifunga mapema. Ukipanda ngazi unapumua haraka, na ukipumua haraka muda wa kutoa hewa unapungua. Hewa ya zamani inabaki ndani, kifua kinajaa kama puto, na pumzi mpya inakosa pa kuingia. Sasa ongeza woga. Woga humfanya yeyote apumue haraka, hata kijana mzima aliyekimbizwa na mbwa. Kwa Shosho, haraka hiyo ndiyo inayofungia hewa kifuani. Woga wake ulianzia kichwani, sawa, lakini kazi uliimalizia mbavuni.

Halafu kuna ubongo wenyewe. Hisia ya kukosa pumzi hutengenezwa huko, kama maumivu yanavyotengenezwa. Ubongo unasikiliza kifua, kisha unachanganya na kile unachotarajia. Mtu aliyewahi kukabwa orofa ya pili hufika hapo akiwa tayari ameanza kukabwa. Ndiyo maana watu wawili wenye vipimo vya mapafu vinavyofanana wanaweza kuishi maisha tofauti kabisa: mmoja anaenda sokoni, mwingine anaogopa hata kutoka kitandani. Na Kiswahili kinajua. Tukishtuka, pumzi inakata. Hatari ikipita, tunashusha pumzi. Hakuna anayeuliza kama hiyo ni pumzi ya kifua au ya moyo.

Lakini mashine je? Ile 95 ilipima oksijeni kwenye damu, tena akiwa ameketi. Haikupima kukosa pumzi. Kwa hilo wataalamu hutumia mizani ya Borg, yenye jina la mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Borg: sifuri hadi 10, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayetaja namba. Aulizwe nani mwingine? Na hata kimashine chenyewe kina upendeleo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba vimashine hivyo vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Mimi nilikuwa nimeamini mashine kuliko nyanyangu.

Utadhani basi dawa ni kumwamini tu. Mamangu alimwamini. Alimkataza ngazi, akambebea kila kitu, akamletea chai kitini. Sote tuliona huo ni upendo. Baada ya miezi mitatu Shosho alikuwa akikosa pumzi kwa kwenda chooni tu. Misuli isiyotumika hulegea, na misuli iliyolegea hudai hewa zaidi kwa kazi ileile ndogo. Woga nao ukapata ushahidi mpya. Kwa hivyo nyumba nzima ilikuwa imekosea: mimi kwa kumkana, mamangu kwa kukubaliana na woga wake neno kwa neno.

Mtaalamu wa fiziotherapia hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alimwambia, "Nakuamini, mama. Sasa tutembee." Akamfundisha kutoa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza uji, kuegemea mbele akishikilia reli, na kusimama kabla hajakabwa. Mazoezi haya hayarudishi mapafu yaliyoharibika. Yanapunguza kukosa pumzi hata hivyo, kwa sababu misuli inapata nguvu na mtu anaona kwa macho yake kwamba alikosa pumzi na pumzi ikarudi.

Nimefikia hapa: kumwamini mtu si sawa na kukubali kila hitimisho lake. Shosho anajua anavyohisi kuliko mashine yoyote. Ngazi zitamfanya nini, hilo tunaweza kulichunguza pamoja, lakini mwenye haki ya kumwambia "jaribu" ni yule aliyekubali kwanza kwamba anaumia, na yuko tayari kusimama naye njiani.

Sasa tunapanda wote wawili. Namwuliza namba. Akisema tatu tunaendelea. Jana orofa ya pili alisema sita, kisha akacheka kidogo na kuniambia mbili kati ya hizo ni za woga.

Tukasimama kwa zote sita.