Je, Ni Halali Kumbadilishia Mtoto Mbegu?

Swali ninalowaletea mwezi huu huenda likaonekana dogo mno kwa gazeti la kanisa, kwa maana linahusu punje moja ya haragwe. Lakini nimekaa nalo kwa miaka 40 na zaidi, na bado halijaniacha. Nami naona linatuhusu sisi sote tuliopewa watoto wa kulea, iwe nyumbani, shuleni, au katika Shule ya Jumapili.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la kwanza. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa macho na mikono kabla ya kujifunza kwa kitabu. Basi, kabla ya kuwapeleka watoto katika shamba la shule, nilimwambia kila mmoja alete kopo tupu na haragwe moja alilolichagua mwenyewe. Tuliyaloweka maharagwe usiku kucha, tukayalaza juu ya pamba yenye maji, tukayapanga makopo dirishani. Siku ya nne ngozi zikaanza kupasuka na vijimzizi vyeupe vikachungulia. Watoto waliona wenyewe kwamba mzizi hutangulia, tena huelekea chini hata ukiligeuza haragwe, na shina hufuata baadaye. Hakuna aliyewaambia wakariri. Waliona.

Siku ya nane yalikuwa yameota yote ila moja. Mwenye haragwe hilo alikuwa mtoto mnyamavu. Kila asubuhi alifika kabla ya kengele, akachungulia kopo lake, akarudi kukaa bila neno. Nilimhurumia sana. Jioni, darasa lilipokuwa tupu, nikalitoa haragwe lake nikalitupa katika shimo la taka, nikaweka mahali pake jingine lililoota, katika yale niliyoyaotesha kwa akiba. Nilikwenda nyumbani nikijiona mtu mwema.

Asubuhi alilitazama kopo muda mrefu. Kisha akaja mezani kwangu akasema kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu. Hili si langu. Langu lilikuwa na doa jeusi."

Nikababaika. Nikamjibu kwamba labda doa limetoka kwa maji. Huo ulikuwa uongo wa pili, uliozaliwa na ule wa kwanza. Mtoto akanitazama, akauliza, "Na ya wenzangu, Mwalimu, nayo umeyabadili?"

Sikuwa na jibu la maana. Wala sikumwambia kweli baadaye. Mwaka ulikwisha, yeye akapanda darasa, mimi nikahamishwa.

Tulitazame jambo hili kwa makini. Thamani yote ya somo lile ilikuwa kwamba mtoto hakuhitaji kumwamini mtu, kwa kuwa aliliona jambo kwa macho yake. Mimi kwa huruma yangu niliyatia mashaka makopo yote ya dirishani. Kama Mwalimu aweza kuingia usiku na kubadili moja, mtoto atajuaje kwamba hakubadili yote? Nilitaka kumfundisha jinsi mbegu inavyoota. Nikamfundisha kwamba wakubwa hubadili vitu watoto wasipokuwapo. Tena kwa kulitupa haragwe lake niliitupa na nafasi ya kujua kwa nini halikuota.

Huenda mtu akasema, "Mbona ninyi walimu huwaambia watoto hadithi zisizo za kweli? Hamkuwaambia kwamba Mungu aliupanda mbuyu kichwa chini miguu juu, kwa sababu ulinung'unika? Huo si uongo?" Ni kweli, tulisimulia hivyo, na ningesimulia tena leo. Lakini hadithi ina mlango wake. Msimulizi husema "Paukwa!" na watoto huitikia "Pakawa!" Kwa kuitikia wanakubali kuingia pamoja naye. Hakuna aliyedanganywa. Kisha tulikuwa tukitoka nje kuutazama mbuyu wenyewe wakati wa kiangazi, matawi yakiwa matupu kama mizizi, na kuuliza kwa nini umepukutisha majani wakati wa ukame. Watoto waligundua kwamba mti usio na majani hupoteza maji machache. Hadithi iliwafanya watake kutazama. Haikuwazuia kuona. Lakini nilipobadili lile haragwe sikusema "Paukwa". Niliingia kimya.

Mwingine atasema kwamba mtoto wa miaka saba ni mchanga, na kweli kavu yaweza kumvunja moyo. Hoja hii ni nzito, nami sitaki kuidharau. Miaka michache baadaye, katika shule nyingine, kuna msichana ambaye haragwe lake lilioza. Alilipenda mno, akalimiminia maji kila mapumziko, hata likazama. Mbegu huhitaji maji, lakini huhitaji na hewa pia. Safari hii sikungoja jioni. Nilikaa naye, tukalipasua lile haragwe, tukaona ndani lilivyoharibika, nikamweleza sababu. Alilia kidogo. Kisha nikampa jingine mbele ya wenzake, nikamwambia, "Hili ni jingine. Jaribu tena." Alilinyunyizia maji kwa ncha za vidole, nalo likaota.

Angalieni basi: watoto wote wawili walipewa haragwe la pili, na mkono uliowapa ulikuwa mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja aliambiwa na mwingine hakuambiwa. Huruma haikukosekana mara ya pili, ila haikuhitaji giza. Na je, sivyo tunavyotendewa sisi wenyewe kila Jumapili? Hatuji mbele za Mungu ili ajifanye hakuona makosa yetu. Kwanza tunaungama kwa vinywa vyetu, ndipo tunatangaziwa ondoleo. Neema hutupa mwanzo mpya bila kuficha kwamba ule wa kwanza uliharibika.

Bwana wetu naye alifundisha kwa hadithi za mbegu. Lakini katika mfano wa mpanzi, Mathayo sura ya 13, hakuzificha zile zilizoshindwa. Nyingine zililiwa na ndege, nyingine zilinyauka juu ya miamba, nyingine zilisongwa na miiba. Kisha aliwaeleza wanafunzi wake sababu ya kila moja. Hakuingia shambani usiku kuziba mapengo ili tusihuzunike.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili: wapeni watoto mbegu. Kila mmoja achague yake na kuitia alama. Msiyasahau makopo mawili matatu ya kulinganisha, yasiyotiwa maji, wapate kuona tofauti. Wasimulieni na hadithi, za kale na za Injili. Na siku mbegu ya mtoto isipoota, msimkimbilie na nyingine mfichoni. Kaeni naye, ipasueni pamoja, mtazame. Huenda mkakuta tundu la fukusi, naye akafarijika kwamba kosa si lake. Huenda mkakuta kosa ni lake, nanyi mkawa karibu kumshika mkono. Kisha mpeni nyingine, mchana kweupe, naye akijua kuwa ni nyingine.