Likizo Nyumbani au Ng'ambo: Nani Hulipa?



Ifikapo Juni na tena Desemba, shule zinapofungwa, mabishano yale yale husikika katika nyumba nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita. Baba anasema, "Twende kwa wazazi Maswa, huko hakuna gharama." Watoto wameona picha za bahari katika simu za rafiki zao, nao wanataka Unguja. Kijana aliyeajiriwa karibuni mgodini anasema wageni anaofanya nao kazi wakipata likizo hupanda ndege kurudi kwao, kwa nini yeye aishie Maswa? Mama ananyamaza. Nataka tulitazame jambo hili la gharama, maana wengi wetu tunapiga hesabu, lakini hesabu yenyewe ina pengo.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndiyo sehemu nyepesi. Anayetaka kutoka nchini huanza na pasipoti, shilingi 150,000 kwa kila mtu. Jamaa ya watu watano imekwisha kutoa 750,000 kabla ya kununua hata mkate wa njiani. Akitaka Uingereza, ombi la viza peke yake ni zaidi ya pauni 100 kwa kila mmoja, wala fedha hizo hazirudishwi akikataliwa. Unguja ni nchi yetu, haihitaji pasipoti, na ile bima ya dola 44 ambayo tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje hutakiwa kuinunua haitugusi. Serengeti mtu mzima raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 10,000 kabla ya kodi, ambapo mgeni wa mbali hulipa dola 70 msimu wa wageni wengi. Ndiyo kusema mtu wa Bariadi aweza kumwona simba kwa fedha isiyofika bei ya jogoo mzuri. Gharama iko kwenye gari la kumwingiza humo, na hilo ndilo huwazuia wengi. Hata hivyo yasikitisha kwamba watu huvuka bahari kuja kuona kilicho jirani yetu, nasi tunazeeka hatujakiona.

Maswa ni nauli ya basi tu, na mtumishi wa umma hata hiyo hulipiwa kila baada ya miaka miwili. Kwa hesabu ya namna hii baba ameshinda.

Lakini wako wanaosema kinyume chake, tena kwa uchungu. Husema nyumbani ni ghali kuliko Dubai. Ukifika tu, baba mdogo anataka ada ya mwanawe, paa la shangazi linavuja, na msiba wa mwezi uliopita una deni lake. Hotelini hulipi ila kilichoandikwa kwenye karatasi, na ukiondoka hakuna anayekununia. Sisemi kwamba wanaonena hivyo ni wachoyo. Mtu aliyefanya kazi za zamu mwaka mzima chini ya ardhi Bulyanhulu ana haki ya kukaa mahali ambapo hakuna anayelijua jina lake. Hata wamisionari wa Australia, ambao chama chao kilianza kazi katika Tanganyika mwaka 1927, waliporudi kwao likizoni walitarajiwa kuzunguka parishi baada ya parishi wakieleza kazi yao na kuomba msaada. Kwao pia palikuwa na watu wenye haki ya kuwauliza.

Hata hivyo sikubali kwamba madai ya nyumbani yaitwe gharama ya likizo. Ng'ombe waliouzwa ili kijana asome waliuzwa miaka mingi iliyopita. Likizo imempeleka tu mbele ya wenye kumdai. Akienda Dubai deni litamngoja.

Sasa nirudi kwa baba aliyesema nyumbani hakuna gharama. Hebu tumtazame anayewapokea. Desemba kwetu mvua zimeanza, watu wako mashambani, na ghala lina akiba ya mwisho mwisho. Hapo ndipo jamaa ya watu watano inaposhuka kwenye basi na mizigo yao. Bibi anaacha jembe. Kuku anakamatwa, mchele uliowekwa kwa ajili ya dharura unafunguliwa, na maji yaliyokuwa ndoo mbili kwa siku sasa ni ndoo sita. Hakuna atakayelalamika, maana mgeni hupokewa kwa furaha, tena wataondoka wamefungiwa michembe na karanga. Lakini siku za jembe zilizopotea zitaonekana wakati wa mavuno, na wakati huo mgeni yuko mjini.

Na mama, yule aliyenyamaza? Kwa wakwe yeye ni mkamwana. Huamka kabla ya jogoo, hufagia, huchota, hupika kwa kuni ambazo mjini amekwisha kuzisahau, na hula wa mwisho. Mume anaketi chini ya mti na wazee, anapumzika kwelikweli, na mwisho wa mwezi husema likizo ilikuwa rahisi. Ilikuwa rahisi kwake. Kule Unguja yule anayetandika kitanda analipwa ujira, na ujira wake umo ndani ya bei tunayoilalamikia. Kule Maswa kazi ile ile hufanywa na bibi na mkamwana, na kwa kuwa haina bei tunaiita bure. Hilo ndilo pengo nililolitaja. Nashangaa kwamba sisi tulioikariri amri ya Sabato tangu utoto, ambayo humtaja mtumwa, mjakazi, mnyama na hata mgeni kuwa nao wapumzike, tunaweza kuihesabu kuwa pumziko la nyumba nzima likizo ambayo mtu mmoja alipumzika na wawili walichoka zaidi.

Je, basi tusiende nyumbani? La, twende, ila twende kama watu wanaojua bei. Afadhali Juni, mavuno yakiwa yameingia, kuliko Desemba. Unga na sukari vitangulie, na pia fedha ya kuni na ya kijana wa kuchota maji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 28 mfululizo, wala haikuandikwa popote kwamba zote ziliwe katika boma moja. Siku kumi zatosha kwa wazazi. Siku mbili tatu zaweza kuwa za watoto kuiona Saanane, iliyo karibu kabisa na mji wa Mwanza, au Rubondo kwa wenye uwezo zaidi, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Huko wako sokwe ambao wazee wao waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960, walikokuwa wamefungiwa. Nao walikuwa wakirudi Afrika kutoka ng'ambo, ingawa hakuna aliyewauliza walileta nini.

Zinabaki siku nyingi. Wazazi wa mama wako Sengerema, na wajukuu hawajawaona tangu mdogo wao alipobatizwa. Kule mama ni binti wa nyumba. Atalala mpaka jua lichomoze na mama yake atamwachia alale. Baba ndiye atakayekaa kitini kwa adabu, shati limefungwa vifungo, akingoja kuambiwa chakula kiko tayari.